Mizani Haipimi Ufundi

Wazee wetu walisema akiba haiozi, nami sina ugomvi na wazee. Lakini iko akiba ambayo haiozi ila huyeyushwa, na ikishayeyushwa hapana mtu awezaye kuirudisha. Leo, wasomaji wapenzi, nataka tuzungumze juu ya vidani vya dhahabu vya kizamani, vile vinavyofunguka kama kijisanduku na kupambwa kwa enameli ya rangi. Wengine huviita loketi. Nasema wazi tangu mwanzo: vidani hivi vinakwisha majumbani mwetu, tunavimaliza sisi wenyewe, na chombo tunachovimalizia ni mizani.

Shangazi yangu alifariki Kisumu, katika mtaa wa Kaloleni, Mungu amrehemu. Aliacha watoto watatu, wanaume wawili na binti mmoja. Hakuacha nyumba wala shamba. Aliacha vyombo, cherehani, na kidani kimoja cha dhahabu alichorithi kwa mama yake, yaani bibi yangu. Arubaini ilipopita, watoto walikaa kugawana, nami nikaitwa kama mkubwa wa upande wa mama yao. Mafungu yalijulikana: kila mwanamume mbili, binti moja, jumla matano. Lakini kidani hakikatwi mafungu matano. Basi likatoka shauri lile tunalolijua sote: kipelekwe kwa sonara kikapimwe, kiuzwe, fedha zigawanywe.

Tulikwenda wanne. Mnunuzi alikuwa kijana mwenye adabu, nami simlaumu, kwani alifanya kazi yake kama alivyofunzwa. Aliweka kidani juu ya mizani ikasoma gramu 11. Akasema, "Hiki kina kioo, mzee. Hapa nitatoa gramu moja na nusu. Kinachobaki ni dhahabu ya kareti 15, si 22 kama za siku hizi." Akapiga hesabu mbele yetu: gramu tisa na nusu, na katika hizo dhahabu safi haifiki gramu sita. Kisha akashika koleo ili akibanduebandue kile kioo kabla ya kupima tena. Ndipo nilipouweka mkono wangu juu ya ule mkono wake.

Wasomaji, hicho alichokiita kioo, alichotaka kukibandua kama mtu aparuavyo magamba ya samaki, ndicho hasa kilichokuwa kazi. Dhahabu ilikuwa uwanja tu wa kuifanyia.

Ninyi mlioko Mombasa, Malindi na Lamu mwaweza kuuliza: Kisumu na vidani vya dhahabu wapi na wapi? Mji ule twaujua kwa samaki. Jibu ni kwamba watu wa pwani wana historia ndefu upande ule. Kabla ya reli, misafara ya Waswahili na Waarabu ilifika Mumias kwa Nabongo Mumia, ambaye naye alisilimu. Desemba 1901 reli ikafika ziwani, na mahali pale pakaitwa Port Florence. Reli ilileta makarani, mafundi, maaskari na wenye maduka. Allidina Visram, tajiri yule aliyeanzia biashara zake pwani, alieneza maduka yake hadi Kisumu na Uganda. Meli zikaunganisha Kisumu na Entebbe, Bukoba na Mwanza. Penye mishahara na harusi hapakosi sonara, na mafundi wa Kihindi wakaja wakafungua vibanda vyao. Misikiti ikasimama Kisumu na Kendu Bay, na wake za watu wakavaa mikufu, vipuli, bangili na vipini kama walivyovaa Mji wa Kale wa Mombasa.

Babu yangu alikuwa mmoja wa watu hao. Alizaliwa Mombasa, akafanya kazi katika meli za ziwani, na miaka ya thelathini akaoa Kisumu. Kidani kile alimpa bibi mwaka walipooana. Tulipokuwa watoto tukipelekwa likizo, bibi akitufungulia kwa sharti kwamba mikono iwe imeoshwa.

Hebu nikieleze. Kina umbo la yai na hakizidi ukubwa wa tende. Mbele ni enameli ya buluu inayopitisha nuru, na chini yake unaona mistari myembamba ya mawimbi ikitoka katikati kama miale. Ukikigeuzageuza, ile mistari hucheza, ungedhani ni maji ya ziwa alasiri. Ndani mna vyumba viwili. Kimoja kina picha ya babu, kichwa tu, iliyokatwa kwa mkasi. Kingine kina kikaratasi kilichokunjwa mara nyingi, chenye Ayatul Kursi kwa wino mweusi.

Siku ile tuliporudi nyumbani nilikitazama kwa kioo cha kukuzia. Nyuma, karibu na bawaba, mna alama ndogo sana. Mojawapo ni nanga. Nanga ni alama ya ofisi ya kukagua dhahabu ya mji wa Birmingham, Uingereza, na imetumika tangu mwaka 1773. Kando yake mna 15 na .625, maana yake sehemu 625 katika 1,000 ni dhahabu safi. Kipimo hicho cha kareti 15 kiliwekwa katika sheria ya Uingereza mwaka 1854 na kikaondolewa mwaka 1932. Basi kidani chetu kilitengenezwa kati ya miaka hiyo. Lakini pete ya juu, ile inayopitisha mkufu, ina rangi ya manjano iliyokolea zaidi na haina alama yoyote. Ile iliwekwa na sonara wa huku kwetu, baada ya ile ya kwanza kukatika.

Tazameni basi mambo yaliyokusanyika katika kitu cha ukubwa wa tende. Mafundi wa Birmingham walivitengeneza vidani vya namna hii kwa wingi katika enzi ya Malkia Victoria. Mumewe, Prince Albert, alipofariki mwaka 1861, Malkia alivaa nguo za msiba mpaka mwisho wa maisha yake, na desturi ya kuvaa vidani vya kumbukumbu ikazidi kuenea. Watu walitia humo picha ya marehemu au hata kishungi cha nywele zake, na vile vya msiba vilipakwa enameli nyeusi. Chetu ni buluu, cha furaha. Kikavuka bahari, kikapanda bara, kikafika kwa mwanamke wa Kiislamu wa Kisumu, naye akakifanya chake: upande huu mumewe, upande huu aya ya Mwenyezi Mungu. Sitaki kuingia katika mjadala wa hirizi. Hilo nawaachia masheikh. Nasema tu kwamba kitu hiki kimekuwa chetu, wala hakipatikani tena mahali pengine popote duniani.

Huenda mtu akasema enameli ni rangi tu. Hapana. Enameli ni kioo. Ni ndugu wa ile inayofunika mabakuli na birika za zamani, ambazo ndani ni chuma na nje ni ngozi ya kioo. Fundi wa vito husaga kioo cha rangi mpaka kiwe unga, akakiosha kuondoa taka, akakipanga juu ya dhahabu kikiwa kibichi, akakikausha, kisha akakitia tanurini kwenye joto la nyuzi 750 hadi 850 hivi kwa muda wa dakika chache tu. Unga unayeyuka na kushikamana na dhahabu. Dhahabu safi huyeyuka kwenye nyuzi 1,064, na ile iliyochanganywa na madini mengine aghalabu huyeyuka kabla ya hapo. Basi fundi anatembea juu ya ukingo: moto ukipungua, kioo hakishiki, ukizidi, kidani chote kinalainika na maungio yanaachana. Wala hamalizi kwa mara moja. Hurudia tabaka juu ya tabaka, kisha husugua mpaka uso uwe laini.

Rangi nazo ni elimu. Buluu hutokana na kobalti. Kijani hutokana na shaba. Nyekundu iliyo bora, ile ya rangi ya komamanga, hutokana na dhahabu yenyewe ikichanganywa katika kioo kwa kiasi kidogo mno. Na ile mistari ya mawimbi chini ya kioo ilichongwa kwanza kwa mashine iliyozungushwa kwa mkono, mstari baada ya mstari, na mkono ukitetemeka mara moja kazi imeharibika.

Wala ufundi huu si wa Wazungu peke yao. Wahindi wanao, nao huuita kwa jina la Kiajemi, mina. Husimuliwa kwamba mtawala Man Singh wa Amber, katika karne ya 16, aliwaleta mafundi wa mina kutoka Lahore, na mpaka leo Jaipur ni mji unaosifika kwa kazi hiyo. Mafundi wa huko wana tabia moja ninayoipenda: mbele ya kidani huweka vito, na nyuma, upande unaogusa ngozi na usioonekana na mtu, huweka maua ya mina yaliyotimia. Uzuri ule ni wa mvaaji mwenyewe. Waislamu wa Misri na Sham nao, katika karne ya 13 na ya 14, walipamba taa za misikiti yao kwa enameli juu ya kioo, na baadhi ya taa hizo zimehifadhiwa katika majumba ya makumbusho hata leo. Hapa jirani, Sayyid Barghash alipoanzisha nishani yake ya Nyota Ing'aayo ya Zanzibar mwaka 1875, ilitengenezwa kwa enameli pia. Kwa hiyo anayekitupa kioo kile asiseme anatupa kitu cha kigeni.

Sasa nitubu jambo moja mbele yenu. Kidani hiki hakikuwa peke yake. Bibi alikuwa pia na pea ya vipuli vya dhahabu vyenye mina ya kijani na nyekundu, kazi ya Kihindi. Miaka ya tisini, mume wa shangazi alipougua na fedha za hospitali zikakosekana, vipuli viliuzwa. Aliyevipeleka ni mimi. Nilisimama nikaona vikitupwa katika kijungu cha udongo pamoja na bangili zilizokatika za watu nisiowajua, moto ukapulizwa, na baada ya muda mfupi pakawa na kitonge cha manjano. Ile mina ilielea juu kama povu jeusi, ikachotwa ikatupwa. Fedha tulizopata zilikwisha kabla ya mwezi. Mgonjwa hakupona. Simwambii mtu kwamba tulifanya kosa kutafuta dawa. Lakini hatukuuliza hata mara moja kama yuko mtu ambaye angevinunua vipuli vile kama vipuli, kwa bei iliyo juu ya ile ya uzito. Hatukuuliza kwa sababu hatukujua kama liko swali la kuuliza.

Na sasa vishawishi vimezidi. Machi 2025 bei ya wakia moja ya dhahabu katika soko la dunia ilivuka dola 3,000 kwa mara ya kwanza, na Oktoba mwaka huo huo ikavuka dola 4,000. Bei ikipanda namna hiyo, kila sanduku la bibi hufunguliwa. Watu wa kanda ya ziwa wanaijua dhahabu kwa uzito wake tangu zamani. Mwaka 1931 ilipovumbuliwa Kakamega, mwendo mfupi tu kutoka Kisumu, Wazungu walimiminika, na mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ikaibadilisha sheria yake yenyewe ya ardhi ya Waafrika ili wachimbaji wapate nafasi. Hata leo vijana wa Migori, Siaya na Kakamega wanashuka mashimoni kuitafuta. Dhahabu basi bado imo ardhini, na kesho itachimbwa nyingine. Lakini mafundi wa zamani hawachimbwi. Wengi katika masonara wa Kihindi walihama mwishoni mwa miaka ya sitini na mwanzoni mwa miaka ya sabini, sheria za leseni za biashara zilipobana na Uganda ilipowafukuza Waasia mwaka 1972. Waliondoka na vifaa vyao na elimu yao.

Je, sheria inatulinda? Sheria yetu ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 inakihesabu kuwa kitu cha kale kile kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895. Fikirini: reli ilifika Kisumu mwaka 1901. Karibu kila pambo lililoletwa mji ule kwa reli limeachwa nje ya tarehe hiyo kwa miaka sita au zaidi. Ni kweli Waziri ana uwezo wa kutangaza kitu kuwa cha kulindwa, lakini Waziri hawezi kukitangaza kidani kilichofichwa chini ya kanga sandukuni. Kwa hiyo mlinzi ni mwenye sanduku.

Najua watakaoniambia, "Wewe wataka watu wafe njaa na vidani shingoni." La. Dhahabu ya mwanamke ni haki yake na ni akiba yake, na siku ya shida auze. Ninalosema ni kwamba asiuze bila kujua anauza nini. Bangili nyororo ya kareti 22 iliyonunuliwa juzi, ipimwe, iuzwe, hapana kilichopotea. Lakini kitu chenye enameli, chenye alama, chenye bawaba ya zamani, kionyeshwe kwanza kwa mtu ajuaye vya kale. Kwenye soko la vitu vya kale thamani ya kazi huhesabiwa juu ya uzito, na kwenye kijungu huhesabiwa kuwa sifuri.

Yako na mambo ya dini ambayo yafaa tuyakumbuke. Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba Fadhala bin Ubayd, siku ya Khaybar, alinunua mkufu wenye dhahabu na shanga kwa dinari 12. Alipoutenganisha, akakuta dhahabu yake imezidi dinari alizotoa, na Mtume (S.A.W.) akafundisha kwamba mkufu wa namna hiyo usiuzwe mpaka utenganishwe. Hapo ni dhahabu kwa dhahabu, ambayo haitakiwi kuzidiana. Wengi wetu hupeleka cha kale kwa sonara na kubadilishana na kipya papo hapo, tukiongeza kidogo, na hatujui tumeingia wapi. Uza kwa shilingi, kisha nunua kwa shilingi. Na kwa shilingi hapana kizuizi cha kuupa ufundi bei yake.

Katika mirathi nako iko njia. Wanazuoni wanaijua kwa jina la takharuj: mrithi mmoja huchukua kitu kizima, au huachia fungu lake, kwa mapatano na wenziwe. Hivyo ndivyo tulivyofanya. Tulirudi Kaloleni bila kuuza, tukakaa tena. Yule kaka mkubwa alikasirika, akaniambia, "Kaka, kioo hakilipi karo." Maneno yake yalikuwa ya kweli, kwani alikuwa na watoto watatu shuleni. Dada yake alikuwa kimya muda wote. Mwishowe akasema, "Nipeni mimi. Nitawalipa mafungu yenu kidogo kidogo." Tulikubaliana bei iliyozidi ile ya mizani, ndugu wakaridhia, ikaandikwa mbele ya mashahidi. Miezi kumi na minne alikuwa akilipa kutoka katika fedha za mandazi anayouza asubuhi. Amemaliza. Sijasikia katika ukoo wetu mtu aliyenunua kitu kwa bei ghali kuliko hiyo, wala aliyekivaa kwa haki zaidi.

Ana mambo manne anayoyafuata, nami nawapa kama alivyonipa. Hakisafishi kwa ndimu wala dawa kali, kwani asidi hula enameli. Hukipangusa kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo. Hakiweki pamoja na vito vingine, kwa kuwa kioo hukwaruzwa na kikianguka sakafuni hupasuka. Pete ikilegea, hamruhusu fundi kuunga kwa moto kabla ya kumwonyesha ile buluu na kumweleza kwamba joto la ghafla litaipasua. Na la nne, ameandika. Mali bila daftari huisha bila habari. Amenunua daftari la shule, akabandika picha ya kidani mbele, nyuma na ndani, akaandika kilikotoka, alama zake, na majina ya waliokivaa.

Nami naongeza la tano kwa wenye madaraka. Kisumu kuna jumba la makumbusho lililofunguliwa mwaka 1980. Lamu lipo, na Fort Jesus lipo. Ingefaa wafanye maonyesho ya mapambo ya wanawake Waislamu wa kanda ya ziwa, kwa vitu vya kuazima, virudishwe kwa wenyewe baada ya miezi michache. Watu wataleta wakihakikishiwa kurudishiwa. Na kijana wa jua kali pale Kibuye akiona kazi ile kwa macho yake, huenda akataka kuijaribu. Tanuri dogo na unga wa kioo si vitu vya kumshinda mtu anayejua kuunga bati.

Usiache mbachao kwa msala upitao. Leo jioni, kabla hamjalala, mwombeni mama au bibi afungue sanduku. Msimwulize lina thamani gani. Mwulizeni nani alimpa.